Kabla hujaiamini SSD, ijaze pomoni

Jumapili usiku kijana mmoja anayeanza kupiga video za harusi aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata SSD ya nje, TB 2, kwa shilingi 55,000. Muuzaji anasema ni mpya kabisa. Niichukue?"

SSD ni diski ya kuhifadhia mafaili kwenye chipu, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Nilimpigia simu usiku uleule. Mwaka 2021 mimi sikumuuliza mtu.

Mwaka huo nilipata kazi ya sendofu Morogoro, kazi yangu ya kwanza kubwa nje ya Dar. Kamera 2, kuanzia saloni hadi mgeni wa mwisho anapanda gari. Video zilifika karibu GB 180. Diski niliinunua wiki hiyohiyo: boksi zuri, maandishi ya dhahabu, na nilipoichomeka kompyuta ikaonyesha TB 2 bila wasiwasi. Nikahamishia kila kitu, nikahesabu mafaili, yote yapo. Kisha nikafuta kadi za kamera, maana Jumamosi iliyofuata nilikuwa na kipaimara Mbagala.

Jumatatu nikakaa kuhariri. Video za saloni zikafunguka vizuri. Za ukumbini zikagoma moja baada ya nyingine. Jina lipo, ukubwa upo, tarehe ipo, ndani hamna kitu. Bibi harusi akipakwa poda ninaye kwa saa nzima; baba yake akimpa nasaha sina hata sekunde 1. Utambulisho wa ndugu, keki, mama mzazi akilia, vyote vimekwenda.

Nilipoipasua ile diski nilikuta kikadi cha simu cha GB 64 kimebandikwa kwa gundi kwenye kibao kidogo. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniambia: kompyuta haipimi diski, inaiuliza tu, nayo inajibu. Mtu akibadilisha programu iliyo kwenye kontrola, chipu inayoiendesha diski, ili ijibu "nina TB 2", kompyuta itaamini, na orodha ya mafaili itaendelea kuandikwa hata pale ambapo video yenyewe haina pa kukaa.

Nilirudisha hela yote ya kazi. Baba wa bibi harusi hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, siku ile hairudi." Bado naisikia sauti yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ijaze. Kabla hujaweka kazi ya mtu, ijaze diski pomoni, kisha isome yote upya. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, iliyotoka kwenye jarida la kompyuta la Ujerumani, c't. Kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote zinaandika data za majaribio hadi nafasi iishe, halafu zinazisoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Fanya hivyo diski ikiwa tupu. Usiogope ukiona diski ya TB 1 inaonyesha 931 kwenye Windows. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Na ichomeke kwenye tundu la USB 3, kwa sababu USB 2 mara nyingi haivuki megabaiti 40 kwa sekunde, utailaumu diski bure.

Kujaza kunafichua jambo la pili, na hili linahusu hata diski halali. Diski yangu iliyofuata ilikuwa halali, nimenunua kwa risiti ya EFD. Faili dogo linaingia kufumba na kufumbua, lakini nikimimina harusi nzima, katikati ya safari mwendo unaanguka. Sababu ni seli, vile vijumba vidogo vinavyoshika data. Diski za TLC hubeba biti 3 kwenye kila seli, za QLC hubeba 4. Kadiri biti zinavyobanana ndivyo kuandika kunavyokuwa kwa polepole, hivyo watengenezaji hutenga sehemu inayoandika biti 1 tu, haraka, ipokee mzigo wa kwanza. Ikijaa, unakutana na mwendo halisi. Samsung wenyewe wanaandika wazi kuhusu diski yao ya QLC, 870 QVO ya TB 1: sehemu hiyo ni hadi GB 42, na baada ya hapo kuandika hushuka hadi megabaiti 80 kwa sekunde, wakati mwanzo ilikuwa zaidi ya 500. Kwa mwanafunzi mwenye nyaraka zake haina tatizo lolote. Kwangu mimi mwenye GB 180 mezani ni kama nusu saa, badala ya dakika 6.

Watu wengi huniuliza kuhusu uhai wa diski, ile TBW, yaani jumla ya terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali ziandikwe ndani ya dhamana. 870 QVO ya TB 1 imeandikiwa TB 360, 870 EVO, ambayo ni TLC, ya ukubwa huohuo TB 600. Piga hesabu: ukiandika GB 100 kila wiki, kwa mwaka ni kama TB 5. Utazeeka wewe kabla ya hizo 360. Angalia dhamana kwanza: QVO miaka 3, EVO miaka 5. Na ukipewa diski "mpya", fungua programu ya bure ya CrystalDiskInfo uone imewashwa kwa jumla ya saa ngapi. Mpya haiwezi kuwa na saa 4,000.

Wadogo zangu, niwaambie ukweli. Mnalipa milioni kwa lenzi, mnakodi droni, halafu harusi ya mtu mnaiweka kwenye kitu cha bei ya chipsi kuku za wiki mbili. Wazazi wamechangisha miezi sita. Mmebeba amana yao. Jazeni diski. Na hata ikifaulu, usifute kadi ya kamera mpaka uwe na nakala 2 ulizozifungua na kuzitazama, si majina tu.

Yule kijana alirudi dukani akaomba aijaze palepale kwenye kompyuta yake. Muuzaji akakataa, akasema ikichomekwa tu imeshanunuliwa. Nikamwambia aondoke. Sasa anadunduliza apate ya SATA, ile ya kufunga ndani ya kompyuta, ya GB 500, TLC, pamoja na kasha lake la USB. Akiipata anakuja nayo kwangu, tutaijaza kabla hajaondoka.