Ténéré 700 ya vumbi: geuza hiyo orodha juu chini

Mkuu, hongera kwa chombo. Umesema umechukua Yamaha Ténéré 700 iliyotumika, pikipiki ya lami na porini, unataka kuiingiza kwenye vumbi, mawe na mchanga, na orodha yako ya manunuzi inaanza na masanduku ya alumini, inafuata sailensa, taa za ziada, bampa, halafu mwisho kabisa "shokapu, hela ikibaki". Mimi nina hiyo hiyo 700, huu mwaka wa tano, na orodha yangu ya kwanza ilikuwa pacha wa yako. Igeuze juu chini.

Nianze na masanduku, maana ndiyo yaliyonitia adabu. Nilifunga ya alumini pande zote mbili, nikayajaza mpaka vifuniko vikawa vinagoma. Pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta ni kilo 205 hivi, hapo hujahesabu masanduku, vyuma vyake na vilivyomo ndani. Nikaingia kwenye mchanga mwendo wa kutembea tu, tairi la mbele likaanza kucheza, nikateremsha mguu wa kushoto kujiegemeza. Mguu ukazama ukabaki palepale, pikipiki ikasonga mbele, na kona ya sanduku ikanifuata kwa nyuma, ikanipiga kwenye shavu la mguu. Haukuvunjika, ila nilichechemea wiki tatu. Tangu siku hiyo nabeba mifuko laini ya kufunga kwa mikanda, yote kwa pamoja isizidi kilo 15. Mfuko ukikugonga unabonyea. Sanduku ndilo linalokubonyeza wewe. Kwa mtu wa lami sina neno: lina kufuli, na mvua haingii.

Sasa shokapu, ulizoziweka mkiani. Springi za kiwandani hupangwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Mimi nina kilo 94 kabla ya helmeti na buti. Usinunue kitu kabla hujapima. Inua pikipiki mpaka tairi la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama uliyobandika juu yake kwenye bodi, andika. Ishushe, panda na mavazi yako yote na mzigo, mwenzako apime tena palepale. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inaonyesha umezama kiasi gani. Nyuma ya 700 inacheza milimita 200, na kuzama karibu theluthi, tuseme 60 mpaka 65, ndiko kunakofaa. Yangu ilikuwa 84. Nikazungusha ile nobu ya kukazia springi mpaka ikagota, ikaja 73, basi. Ukifika hapo ujue springi ni laini kwako. Kuikaza kunainua pikipiki tu, hakuifanyi springi iwe ngumu.

Na nyuma ikizama kupita kiasi, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unaelea kwenye mchanga kama hauna tairi chini yake. Nilibadilisha matairi mara mbili nikiyasingizia kosa hilo. Siku fundi aliponifungia springi za kilo zangu, mbele na nyuma, na oili mpya kwenye foki (zile shokapu za mbele), njia ileile niliyokuwa naipita nimekaza meno niliipita nimesimama kwenye vikanyagio, mabega yamelegea. Huhitaji shokapu mpya ya bei ya kutisha. Springi sahihi zinamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Matairi: yenye meno makubwa, tena ya mbele ndiyo usiyafanyie ubahili. Mbele likiteleza unaanguka, nyuma likiteleza unacheka. Upepo una maana kuliko jina la tairi. Kwenye lami nafuata kitabu cha pikipiki, kwenye vumbi nashusha mpaka psi 24 (kipimo cha upepo wa tairi), mchanga mzito 16. Kwenye mawe makali usishuke hivyo, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na utapata matundu mawili yaliyokaa kama alama za meno ya nyoka. Beba pampu ya kurudishia.

Ndiyo, 700 ina tyubu, kwa hiyo jifunze kubadilisha ukiwa nyumbani, kabla jua halijakufundisha. Pancha yangu ya kwanza porini niliiziba vizuri kabisa, nikaitoboa mwenyewe kwa mkono wa kung'olea tairi wakati wa kurudishia, mara mbili mfululizo. Sikujua siri ya lile bonde lililo katikati ya rimu. Ukingo wa tairi lazima uzame kwenye bonde upande mmoja ndipo upande wa pili upate nafasi ya kuvuka rimu. Siku hizi napiga magoti juu ya upande ambao umeshaingia, nausukuma kwa uzito wangu wote, na kule ninakomalizia tairi linaingia kwa nguvu ya kidole gumba. Ukiona unatumia nguvu, simama, ukingo umetoka bondeni. Tyubu itie upepo kidogo kabla ya kuiingiza, isijikunje. Ya akiba beba ya inchi 21 ya mbele: kwa dharura itaingia hata kwenye 18 ya nyuma ikufikishe.

Kinga sasa. Chini ya injini weka bamba la alumini nene linalofunika mpaka kichujio cha oili. Mikononi, kinga zenye uti wa chuma uliofungwa sehemu mbili kwenye usukani, zile za plastiki tupu ni za kuzuia baridi. Bampa sawa. Halafu kuna dawa isiyo na gharama: hendeli za klachi na breki usizikaze mpaka mwisho kwenye usukani. Zungushia chini yake ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, kaza kiasi ambacho ukisukuma kwa nguvu zinazunguka. Ukianguka (utaanguka) zinageuka badala ya kukatika. Nimeanguka nisihesabu, hendeli zangu ni zile zile za kiwandani.

Gia ya kwanza ukiiona ndefu, yaani inakimbia mno, kwenye vilima vya mawe, badilisha spoketi ya mbele (lile duara la meno linalovuta mnyororo) kutoka meno 15 kuwa 14. Ni sawa na kuongeza kama matatu nyuma, kwa bei ndogo zaidi. ABS, ule mfumo unaoachia breki tairi lisigande, izime kwa kitufe ukiwa umesimama kabla ya kuingia vumbini, na kumbuka ukizima kwa ufunguo inarudi. Mimi nilisahau mara moja kwenye mteremko wa kokoto. Breki zikawa zinapumua tu na kona inakuja.

Taa za ziada kama unapenda usiku. Sailensa sina la kusema, ile ya kiwandani haijawahi kunikwamisha popote.

Niambie una kilo ngapi ukiwa umevaa kila kitu, na ukishapima nyuma uweke namba zote mbili hapa, nikuelekeze springi ya kuanzia.