Hilux ya zamani kwa barabara ya bondeni

Mhariri, wiki hii mmeuliza wasomaji: "Ni kitu gani cha gharama kubwa ulichonunua baada ya kukilinganisha na vingine, ukaridhika nacho mpaka leo? Ulikichaguaje?" Mimi jibu langu ni pikapu. Ni Toyota Hilux ya singo kebini, ya toleo lile lililoanza mwaka 1997, dizeli, injini inayoitwa 5L (ni jina tu, siyo lita tano), inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi na mume wangu tunalima karoti, hoho na kabichi upande wa Lukozi, wilayani Lushoto. Nimeamua kuwaandikia kwa kirefu kwa sababu huku kwetu naona watu wengi wananunua gari la mzigo kwa macho, au kwa kusikia jirani kanunua nini, na pesa yenyewe ni ya miaka mingi ya jembe.

Anayefahamu biashara ya mboga za Usambara anajua kwamba safari ya Dar es Salaam haina upungufu wa magari. Fuso zinapakia jioni, zinateremka Soni hadi Mombo, zinashika barabara kuu, na kabla hakujapambazuka mzigo uko Ilala au Mabibo. Unalipia kwa gunia, unampigia dalali wako, basi. Kipande kinachotutesa ni cha mwanzo, kile cha kutoka shambani bondeni hadi pale Fuso linapopakia. Ni kilomita chache tu, lakini ni udongo mwekundu, kona za kubana, mtelemko wa kwenda na kilima cha kurudi nacho ukiwa na mzigo.

Karoti ikishang'olewa huoshwa mtoni kabla ya kufungwa. Ikishaoshwa haina subira. Ikae kwenye gunia juani mchana mmoja tu, jioni ukifungua unakuta imelegea na ncha zimeanza kuwa nyeusi. Mnunuzi hakuulizi ilichelewa wapi, anashusha bei. Miaka yote tulitegemea bodaboda, gunia moja moja, au gari la kukodi. Gari la kukodi lina taratibu zake: haliondoki mpaka lijae, kwa hiyo karoti zako zilizooshwa asubuhi zinamsubiri jirani ambaye bado yuko mtoni. Na ikinyesha usiku, dereva anapiga simu kusema hashuki bondeni. Simlaumu, gari ni lake. Ila hasara ni yangu.

Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la gari lolote, tulikaa tukaandika kazi yenyewe: kupandisha magunia kumi hivi ya karoti kutoka bondeni hadi barabara ya juu, siku yoyote tunayotaka sisi, hata kama imenyesha usiku kucha. Gunia la karoti tunalihesabu kilo 100, na lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kiasi, hatufungi, maana Wakala wa Vipimo wanaikataza na anayeumia nayo ni mkulima. Kumi ni tani moja. Hapo ndipo tulipoanza kupima magari, na kila moja tulilipima kwa kilima hicho hicho.

Kirikuu, kile kipikapu kidogo cha Kijapani, ndiyo iliyokuja ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayolingana na mifuko ya watu wengi. Ni gari la haki. Halili mafuta, linageuka popote, spea zake bei nafuu. Lakini kwao Japani magari ya daraja hilo yamewekewa ukomo wa injini ya sentimita za ujazo 660 na mzigo wa kilo 350. Huku tunayabebesha mara mbili na zaidi, na mtu akikuambia "mbona zinabeba" hasemi uongo. Zinabeba kwenye tambarare na kwenye lami. Kwa kilima chetu na tani moja ya kupandisha, tungekwenda na kurudi mara tatu, tope likiwepo hata mara moja ingekuwa mashaka.

Mjomba wangu yeye alitushauri lori dogo la Canter. Hoja yake ilikuwa nzito: ukigawanya gharama kwa gunia, hakuna gari linaloishinda. Inabeba tani mbili, tatu na zaidi. Tulimsikiliza kwa heshima zote, tukatembea naye barabara ya bondeni kwa miguu. Kuna daraja la magogo ambalo Canter iliyojaa sitaki kuiona juu yake. Pia nyingi za Canter zinazouzwa huku zinavuta kwa nyuma tu, na tairi pacha zikishajaa ule udongo mwekundu zinazunguka bila kushika. Lakini kilichonifanya niikatae hasa ni kingine. Canter yenye magunia kumi ni hasara, kwa hiyo ungelazimika kusubiri mizigo ya watu ili ijae, na kwa kukodisha unahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA. Tungekuwa tumenunua kusubiri kule kule tulikokuwa tunakukimbia.

Land Cruiser pikapu, hili wanaloliita mkonga, nalitaja kwa haraka. Lile lenye injini ya 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, halina turbo wala mambo mengi, na kwa kazi ya bondeni hakuna linaloishinda. Bei yake ingetununulia Hilux na shamba jingine juu. Tukaliacha.

Mshindani wa kweli alikuwa Hilux mpya kidogo, ile inayojulikana kama Vigo, dabo kebini, yenye injini ya D-4D ya sentimita za ujazo 2,494. Mume wangu aliipenda, na alikuwa na sababu. Ina turbo, inapanda vizuri, inakula dizeli kidogo kuliko 5L, na familia yote inakaa ndani. Siku kadhaa nyumbani yalikuwa mazungumzo ya hiyo tu. Mambo mawili ndiyo yaliyotuamulia. La kwanza ni bodi. Kebini ya pili inakula nafasi ya nyuma, na magunia kumi hayalali humo mpaka uyapandishe juu ya kebini, jambo ambalo kwenye barabara ya mteremko sikubaliani nalo. La pili ni dizeli yenyewe. Injini hizi za kisasa zinapeleka mafuta kwenye nozeli kwa shinikizo kubwa mno, kupitia matundu membamba yasiyovumilia uchafu wala tone la maji, na kazi yote inaongozwa na kompyuta na sensa. Sisi huku mara nyingi tunanunua dizeli ya dumu. Tunaichuja, ndiyo, lakini kuchuja kwa kitambaa siyo kazi ya kiwandani. Nozeli zikiharibika, Lushoto nzima sijui fundi mwenye mashine ya kuzipima.

5L ni ya enzi nyingine. Sentimita za ujazo 2,986, haina turbo, pampu yake ni ya kimakanika, na dizeli inaanza kuwaka kwenye kichumba kidogo kabla ya kuingia kwenye silinda, ndiyo maana inavumilia mafuta ya hali ya kawaida. Fundi wetu alisema, "Dada, hii ikigoma nitaijua kwa sikio. Ile nyingine ikigoma lazima niiulize kompyuta, na kompyuta sina." Kwangu maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko tangazo lolote.

Tuliipata kwa mnada. Ilikuwa gari la mradi, lenye namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, na hapa niwaambie wasomaji jambo la kuangalia. Magari ya namba hizo huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Akiyanunua raia wa kawaida, kodi inadaiwa kabla ya kubadilishwa namba. Kwa hiyo bei ya mnada siyo bei ya gari. Tulikwenda TRA kwanza kuulizia makadirio, tukajumlisha, ndipo tukajua tupandishe dau hadi wapi. Sehemu ya fedha ilikuwa akiba, sehemu mkopo wa SACCOS, na tulikubaliana kiwango ambacho tukikipita tunaondoka mnadani tukiwa mikono mitupu.

Gari la mnada linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Ukishalipa hakuna wa kumlalamikia. Siku ya ukaguzi tulifika na fundi asubuhi mapema, kabla mtu hajaliwasha. Jambo la kwanza aliweka kiganja kwenye boneti kuhakikisha ni ya baridi, maana injini iliyopashwa moto huficha maradhi yake. Kisha akafungua kifuniko cha rejeta, akatazama maji kwa muda mrefu kama yana mafuta juu. Injini za familia hii adui yao mkubwa ni joto. Zikichemka sana, silinda hedi hupasuka. Maji yalikuwa safi. Ikawashwa, ikatoa moshi kidogo kisha ukaisha. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu kusikiliza upepo unaotoka chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akatandika boksi, akalala chini ya gari na bisibisi, akawa anagonga chasisi kipande kwa kipande akisikiliza kama kuna palipoliwa na kutu. Aligonga hata pale ambapo mimi niliona pazima kabisa. Mwisho tukalinganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi, tarakimu moja moja. Sokoni watu wanaangalia rangi na tairi. Rangi ya hii ilikuwa imekwisha, na nadhani hilo lilituondolea washindani wawili watatu.

Kabla ya kuitia mzigo tulibadilisha taimingi belti, oili na chujio zote. Belti nasisitiza. Injini hii haina mnyororo, na belti ikikatika ukiwa barabarani valvu zinagongwa. Fundi wetu anafuata kilomita 100,000, na kwa kuwa historia ya gari hatukuijua yote, tulianza kuhesabu upya.

Sasa kazi yake. Imenyesha usiku, asubuhi barabara inang'aa kwa utelezi. Mume wangu anashuka hadi kwenye mto, anageuza kichwa cha pikapu kuelekea kilimani kabla ya kupakia. Anazunguka mbele, anafunga habu za magurudumu ya mbele kwa mkono, kulia na kushoto, ili nayo yavute, anarudi ndani na kuvuta ile gia fupi ya magurudumu manne. Vijana wanapanga magunia, mazito mbele karibu na kebini, turubali juu. Anaondoka kwa gia ya pili ya nguvu bila kuongeza mafuta kwa pupa, na pikapu inapanda taratibu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye kona nyembamba inasita kidogo, nyuma inataka kuteleza kwenda pembeni, mbele inashika, inanyooka. Ikifika juu, anazifungua habu na kuendelea.

Faida kubwa sikuitarajia wakati tunanunua. Zamani tuling'oa karoti kwa kufuata siku ya gari. Tukishaahidiwa gari, tunang'oa, tunaosha, halafu ndipo tunasikia bei ya Dar ya usiku ule, nzuri au mbaya, na hapo huna la kufanya. Sasa dalali anapiga simu asubuhi. Bei ikiwa nzuri, vijana wanaingia shambani saa hiyo hiyo na jioni mzigo uko kwenye Fuso. Bei ikiwa mbaya, karoti zinabaki ardhini, ambako siku tatu nne hazidhuriki. Kabichi nazo zinasubiri vivyo hivyo. Mkulima anayeweza kuamua siku ya kuvuna anazungumza na dalali kwa sauti nyingine. Hili ndilo linalonifanya niseme nimeridhika, kuliko hata nauli tuliyookoa.

Ina upungufu wake na sifichi. Ni nzito kupanda. Tukitoka Mombo na mifuko ya mbolea, kuelekea Soni, mabasi yanatupita na magari madogo yanatupita, na sindano ya joto tunaiangalia njia nzima. Ikifika mahali pa kupumzisha injini tunapumzisha. Kelele ndani ni nyingi, kwa hiyo mazungumzo ni ya kupaza sauti. Watoto hawawezi kwenda wote kanisani kwa safari moja. Mafuta inakula kuliko Vigo. Kuteremka lakini naisifu: ukiiweka gia ndogo toka juu, injini yenyewe inalishikilia gari na breki unazigusa kidogo tu. Ile njia ya Soni imewachoma breki wengi walioshuka kwa gia kubwa.

Spea hazijatusumbua. Nyingi zipo Tanga, na zisipokuwepo mtu wa basi anakuletea kutoka Kariakoo kesho yake. Tahadhari ni moja tu, ununue kwa duka ambalo fundi wako analijua, kwa sababu bandia ni nyingi.

Sisemi kila mtu anunue kama yetu. Shemeji yangu anafanya biashara ya matunda Korogwe, tambarare, lami mlangoni, mzigo wa matenga machache kila siku. Alikuja kuiona, akaipenda, akauliza tumtafutie nyingine ya mnada. Nilimwambia achukue Kirikuu. Amechukua, na hesabu yake ya mafuta kwa wiki ni ndogo kuliko yetu kwa mbali. Mwenye daraja zuri na mzigo wa tani tatu wa kwake mwenyewe, mjomba wangu ana haki, achukue Canter. Sisi barabara yetu ni ile ya bondeni, na mpaka wailaze changarawe na kujenga daraja la zege, pikapu hii hatuibadilishi.