Wasomaji Wauliza: Mwembe Unakauka Kuanzia Juu

SWALI: Uwanja wetu hapa Kiloleni, Tabora, ulikuwa ukituamisha maji kila msimu wa mvua. Mwaka jana fundi akamwaga kifusi, akashindilia, akapanga pevingi mpaka kwenye shina la mwembe wetu mkubwa. Msimu uliofuata ulizaa kidogo, na sasa ncha za juu zinakauka. Jirani anasema ni mchwa, maana shina limejaa udongo wao. Tupige dawa gani?

JIBU: Msipige dawa. Mchwa hao wamekuja msibani, si wao walioua. Kwangueni udongo wao kwa kisu butu, eneo la ukubwa wa kiganja, kisha mkwaruze gome kwa ukucha. Mkiona rangi ya kijani yenye unyevu, mti uko hai hapo, na mchwa wanakula gome la nje lililokwisha kufa. Mkikuta kahawia kavu, pimeni sehemu nyingine kuzunguka shina mjue ni upande gani uliokufa.

Mwenye kosa ni kifusi. Sehemu kubwa ya mizizi inayoulisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na mizizi hiyo hupumua. Udongo ukishindiliwa, matundu ya hewa yanafungwa, na maji ya mvua yanateleza juu ya pevingi kwenda mtaroni. Mizizi huanza kufa kimyakimya. Huku juu huenda mkaja kujua baada ya mwaka au zaidi, na zinazotangulia ni ncha kwa kuwa ziko mbali zaidi na maji. Tazameni shina linapoingia ardhini. Kwa kawaida mwembe mkubwa hutanuka pale chini kama mguu wa tembo. La kwenu likiingia wima kama nguzo ya umeme, limefukiwa.

Ng'oeni pevingi zote zilizo ndani ya mita 2 kutoka shinani; mkiweza mita 3, bora zaidi. Ondoeni kifusi kwa mwiko wa fundi na mikono, si kwa jembe, kwa sababu jembe litakata mizizi michache iliyobaki. Simameni mkifika kwenye ule mtanuko wa shina. Pembeni pangeni mawe bila saruji ili kifusi kisirudi, na mwacheni fundi afungue njia ya maji, la sivyo mtakuwa mmechimba kisima cha kuozesha mti. Tandazeni majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Acheni nafasi ya shubiri moja.

Kiangazi mwagilieni polepole. Debe la lita 20 kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 20. Kesho yake chomekeni nondo nyembamba: itazama kwa urahisi penye unyevu na kugoma palipo kavu. Ikifika sentimita 30, inatosha; rudieni udongo wa juu ukikauka. Urea msitie, kwani itausukuma mti uchipue majani ambayo mizizi yake haiwezi kuyanywesha. Kateni matawi makavu tu. Kisha subirini misimu 2 ya mvua kabla ya kukata tamaa. Lakini uyoga ukiota kwenye kitako cha shina na mti unaegemea nyumba, msisubiri. Mwiteni mkataji mzoefu.

SWALI: Mparachichi wangu hapa Ujiji umeota kichaka chenye majani tofauti kabisa katikati ya matawi. Nakivunja, kinarudi. Ni nini?

JIBU: Ni kirukia. Ndege hula matunda yake na kuziacha mbegu zinazonata kwenye tawi. Mbegu ikichipua inapenyeza mizizi ndani ya mbao na kunyonya maji na chumvichumvi za mti wako. Ndiyo maana kuvunja hakusaidii: ulichovunja ni majani, mnyonyaji amebaki ndani.

Kata tawi lenyewe, kiasi cha sentimita 30 kutoka kirukia kilipojishika kuelekea shinani, kabla matunda yake hayajaiva. Tawi zito usilikate kwa mkato mmoja, litapasuka na kuchuna gome mpaka shinani. Anza chini ya tawi, theluthi ya unene wake. Sogea sentimita chache kuelekea nchani, kata kutoka juu mpaka lianguke. Kisigino kilichobaki kiondoe mwisho, ukipita nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Uvimbe huo ndio unaoziba kidonda. Ukiukata, umeondoa daktari. Usipake rangi wala oili chafu: hazizuii kuoza. Kirukia kikiwa kwenye shina lenyewe, kivunje kila kinapochipua, mwaka baada ya mwaka, ili kukidhoofisha na kukinyima nafasi ya kuzaa.

SWALI: Michungwa yangu 2 hapa Gungu, Kigoma, inatoa gundi shinani karibu na ardhi, na majani yanageuka njano. Naimwagilia kila jioni.

JIBU: Dalili hizo zinaelekea kwenye ugonjwa wa kuoza kitako, na maji ya kila jioni yanaukaribisha. Vimelea vyake hukaa udongoni na kupenda gome lenye unyevu. Ondoa udongo na mbolea vilivyogusa shina, mpaka mizizi ya juu ionekane. Kwangua gome lililooza mpaka ufikie lililo zima, paka dawa ya kopa (yenye madini ya shaba) kwa kipimo cha kwenye lebo, na paache wazi pakauke. Beseni la kumwagilia lihamishie nje, chini ya ncha za matawi, umwagilie mara moja kwa wiki. Kama kidonda kimeshazunguka shina lote, ng'oa. Utakaopanda, chagua uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, na kiungo chake kikae sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi.