Jinsi ya kuchagua masomo ya lugha mtandaoni: ushauri kutoka Bagamoyo

Kila msimu wa watalii unapokaribia hapa Bagamoyo, vijana wanaotaka kazi ya kuongoza wageni huniuliza watumie programu gani ili wajue Kijerumani, lugha niliyoisoma kwa sehemu kubwa kupitia simu na ambayo leo ninaitumia kazini. Kabla sijamtajia mtu jina la programu yoyote, humwuliza kwanza lugha hiyo ataitumia kufanya nini. Anayetaka kumtembeza mgeni kutoka Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, hadi Boma la zamani, na kumweleza kwamba mji huu ndio uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, anahitaji kusikia na kusema kuliko kitu kingine chochote. Muuguzi anayetafuta ajira Ujerumani kwa kawaida atadaiwa cheti cha ngazi ya B2 (ngazi hizi nitazieleza hapa chini), kwa hiyo hawezi kukwepa sarufi na uandishi. Mwanafunzi wa historia anayetaka kusoma nyaraka za enzi hizo anaweza hata asiseme neno, ila atalazimika kuzizoea herufi za kizamani ambazo kozi za kawaida hazizigusi. Lugha ni moja, lakini watu hao watatu wakipewa kozi moja, angalau wawili kati yao watapoteza muda.

Jambo la pili ni ngazi. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa ngazi sita za umahiri wa lugha, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, na leo kozi nyingi za lugha za Ulaya hupangwa kwa ngazi hizo. Kozi ya Kijerumani au Kifaransa isiyosema inakupeleka ngazi gani, bali inaahidi tu kwamba utazungumza kwa ufasaha baada ya wiki chache, mimi siwezi kumshauri mtu ailipie. Ngazi hukukinga pia na majina yanayovutia. Shirika la utangazaji la Ujerumani, Deutsche Welle, hutoa taarifa za habari zinazosomwa polepole, nazo huwavutia wengi wanaoanza kwa sababu ya upole wake. Hata hivyo taarifa hizo zimekusudiwa watu wa B2 na C1, na anayeanza akizisikiliza atatoka na majina ya nchi na ya marais tu. Shirika hilo hilo lina Nicos Weg, kozi ya bure inayoanzia A1 hadi B1, ambayo ni hadithi ya kijana anayefika Ujerumani na kupotelewa na mkoba wake tangu mwanzo. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza iwe uti wa mgongo, kwa kuwa kila somo lina video fupi, mazoezi na maelezo ya sarufi, na linafuata lililotangulia kwa mpangilio.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hatulizungumzi vya kutosha. Kozi nyingi za mtandaoni hufundisha kwa kupitia Kiingereza, na aliyezitunga alikuwa akimfikiria msomaji wa Kiingereza, akijua yapi yatamsumbua na yapi hayatamsumbua. Ndiyo maana kozi hizo hutumia kurasa nyingi kumtuliza msomaji kuhusu jinsia tatu za nomino za Kijerumani, kana kwamba ni ajabu kubwa, ilhali mtoto wa Kiswahili husema kitabu kikubwa, mti mkubwa na jiwe kubwa bila kufundishwa na mtu kwamba maneno lazima yapatane. Sisi tuna ngeli nyingi kuliko hizo tatu, na upatanisho tumeuzoea. Kinachotusumbua ni kingine kabisa, yaani kujua wakati wa kuitanguliza nomino kwa der, die au das, maneno madogo ya kitu kinachojulikana tayari, wakati wa kutumia ein au eine, ya kitu kisichojulikana bado, na wakati wa kuiacha peke yake. Kwa kuwa Kiingereza nacho kina maneno madogo ya aina hiyo, mtunzi huyapitia haraka, na msomaji wetu huachwa gizani mahali anapohitaji mwanga zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuikubali kozi, fungua somo linalohusu maneno hayo uone kama limeelezwa kwa mifano ya kutosha. Likiwa limepitiwa juu juu, tafuta maelezo ya ziada, au mwombe mtu anayeijua lugha hiyo akueleze kwa Kiswahili. Anayejifunza Kijapani ana nafuu, kwa sababu shirika la utangazaji la Japani, NHK, lina masomo yanayoelezwa kwa Kiswahili, na ningependa sana kuona lugha nyingine zikifuata njia hiyo.

Kuhusu sauti, nina kipimo kimoja ninachokiamini: sikiliza namna kozi inavyofundisha tarakimu. Mgeni akisimama mbele ya Boma atauliza lilijengwa lini, na jibu ni 1897. Kwa Kijerumani mwaka huo hutamkwa kama neno moja refu, achtzehnhundertsiebenundneunzig, ambamo saba hutangulia tisini. Aliyejifunza tarakimu kwa kuzisoma tu kwenye jedwali atakwama katikati ya neno, na mgeni akimtajia mwaka au bei ataisikia 79 mahali palipotajwa 97. Kozi nzuri hukusikilizisha tarakimu kwa kasi ya kawaida, katika namba za simu, saa na bei, tena kwa sauti za watu mbalimbali, kisha hukutaka ujibu. Neno moja moja unaweza kulisikiliza Forvo, ambako wenye lugha hurekodi matamshi yao wenyewe. Kwa mazungumzo ya mitaani ipo chaneli ya Easy German huko YouTube, inayohoji wapita njia na kuandika maneno yao chini ya picha.

Maneno mapya hayakai kichwani bila kurudiwa. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus aliandika kuhusu usahaulifu tangu mwaka 1885, na programu ya kadi iitwayo Anki imejengwa juu ya wazo hilo, kwamba kadi inayokutatiza irudi mapema na unayoijua ichelewe. Kwenye simu za Android ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa anayehesabu bando si dogo. Nakushauri utengeneze kadi zako mwenyewe badala ya kupakua maelfu ya kadi za wengine. Zangu zina maneno ya kazi yangu, kama vile msafara, pembe za ndovu, misheni, makaburi, kupwa na kujaa kwa maji, ambayo hayamo katika kozi za wanaoanza. Kila kadi ina sentensi nzima, kwa sababu neno lililo peke yake halikuoneshi linavyotumika.

Programu za mchezo kama Duolingo zinafaa kujenga mazoea ya kila siku, lakini zisiwe ndizo kozi yako kuu. Programu za akili mnemba nazo husaidia kusahihisha barua na kueleza jambo kwa Kiswahili, ila zikikupa kanuni, ihakikishe katika kamusi ya Duden, ambayo iko wazi mtandaoni.

Mwisho ni suala la fedha. Usilipie kozi yoyote kabla hujajua umesimama wapi, na kulijua hilo hakuna gharama. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni ambayo ina kituo Dar es Salaam, huweka mitihani ya mfano kwenye tovuti yake, na ule wa A1 una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kwa jumla ya dakika 80 hivi, na anayefaulu ni mwenye alama zisizopungua 60 kati ya 100. Kaa nao siku moja ukiwa na saa mbele yako, bila kamusi, na sehemu ya kuzungumza uirekodi kwa simu. Ukiona kusoma kumekwenda vizuri na kusikiliza kumekushinda, fedha uliyotenga mpe mwalimu wa kuzungumza naye saa moja kwa wiki, kwa sababu kozi nyingine ya kusoma haitakuongezea unachokosa.