Macho ya maziwa, kucha mbili na uvimbe wa taya: majibu kwa wafuga nyoka

Safu hii imezoea ng'ombe na kuku. Ila tangu nilipogusia kupe wa chatu kwa mstari mmoja tu, simu yangu imejaa picha za nyoka. Wengi wanaouliza ni watu wa ngoma, Wayeye (chama cha wacheza ngoma na nyoka) na wajukuu wa Wayeye, maana huku Unyamwezini na kwa jirani zetu Wasukuma kucheza na chatu hakukuanza jana. Wachache ni vijana waliookota nyoka shambani wakamzoea. Kwao nina neno moja kabla ya yote: chatu ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hukai naye nyumbani bila kibali. Anzeni kwa maofisa wanyamapori, halafu mje kwangu.

Shikamoo daktari. Chatu wangu ameota kucha mbili karibu na mkia, moja kila upande. Mama mkwe anasema ni nuksi, nimtoe nyumbani. Nizikate? (Urambo)

Marahaba. Usikate kitu! Hakuziota juzi, aliangulwa nazo. Ni mabaki ya miguu ya nyuma, na ndani ya nyama kuna vijifupa vya nyonga vilivyosalia. Dume huzitumia kumpapasa jike wakati wa kupandana, na kwa kawaida zake ni ndefu kuliko za jike. Kifutu hana, koboko hana, swila hana. Mama mkwe pengine nyoka aliowaona maishani ni hao wa kukimbizwa na fimbo, kwa hiyo ana haki ya kushtuka. Wewe angalia tu kama ukucha mmoja umevunjika, au shina lake limevimba kwa kunasa kwenye wavu. Kitu kingine kabisa ni nyama nyekundu yenye unyevu ikitokeza kwenye tundu la haja na isirudi ndani. Hiyo ni dharura: ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji, isikauke, na umtafute daktari siku hiyohiyo.

Nyoka wangu amepofuka. Macho yote mawili yamekuwa kama yametiwa maziwa, hali chakula, na juzi alinirukia, wakati si tabia yake. (Kiloleni, Tabora mjini)

Hajapofuka, anajiandaa kujivua gamba. (Msemo huo wanasiasa walituazima mwaka 2011, hawajaurudisha.) Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu mithili ya kioo cha saa, nalo hutoka pamoja na ngozi nzima. Siku za kujivua zikikaribia, majimaji huingia kati ya ngozi ya zamani na mpya, rangi ya mwili inafifia na macho yanakuwa na ukungu wa buluu. Haoni vizuri, ndiyo maana kila kinachosogea anakihamakia. Mwache. Macho yatang'aa tena, utadhani kapona, na siku chache baadaye gamba litatoka.

Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Liokote gamba, lilowanishe, lilaze mezani na utafute kichwa. Penye macho lazima uone vile vioo viwili. Ukiona matundu mawili, vioo vimebaki kwa nyoka. Septemba iliyopita niliitwa kwa kijana mmoja hapa mjini. Chatu wake alikuwa na jicho moja lililokunjamana kama nailoni iliyopitiwa na moto, na nilipolimulika kwa tochi pembeni nikaona kingo tatu, moja juu ya nyingine. Maana yake mara tatu alijivua na mara tatu kioo kikabaki. Mwenyewe alikwisha kulijaribu kwa kibano cha nyusi cha dada yake. Nilimnyang'anya. Kibano kikikosea kinang'oa hadi gamba jipya, na jicho likishafika hapo huwezi kulirudisha.

Tulichukua ndoo yenye kifuniko tulichokitoboa, tukaweka taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, chatu akawa anapenya mwenyewe kwenye mikunjo kwa nusu saa, kila siku. Siku ya nne vioo viwili vilibaki kwenye taulo. Cha tatu kilisubiri gamba lililofuata. Ugonjwa wenyewe haukuwa jichoni, ulikuwa sandukuni: taa kali juu, maranda makavu chini, na maji kwenye kikombe cha chai. Kuanzia Agosti hadi mvua zianze Novemba, hewa ya Tabora inapasua hata midomo yetu sisi. Mpe beseni ambalo anaweza kujikunja humo mwili mzima.

Ana uvimbe mgumu kwenye taya. Nimeukamua, hautoi kitu. (Nzega)

Na hautatoa, mama. Usaha wa nyoka si wa majimaji kama wa ng'ombe, ni mkavu kama jibini, kwa hiyo ukikamua unausukuma ndani zaidi. Lazima upasuliwe na kusafishwa na mtu mwenye vifaa, na mara nyingi chanzo kiko mdomoni. Muombe aliyemzoea amshike, ufunue mdomo wa juu kidogo pembeni. Ufizi wenye afya una rangi ya waridi iliyopauka. Ukiona vidoa vyekundu, mate mazito yanayovutika, au vipande vya njano kwenye meno, huo ni ugonjwa wa kuoza mdomo, na ukiachwa unaingia kwenye mfupa wa taya. Halafu niambie anakula nini. Kama unamtupia panya hai, huyo panya naye ana meno. Mpe aliyekwisha kufa.

Kupe wamejaa kwenye magamba. Nina dawa ya kuogeshea ng'ombe, nimpake kidogo? (Kaliua)

Hapana, hata tone. Dawa iliyopimwa kwa ng'ombe wa kilo mia tatu inaweza kumuua nyoka, na mafuta ya taa vilevile. Kupe mtoe mmojammoja kwa kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute taratibu kuelekea upande magamba yanakolala. Kagua chini ya kidevu, kando ya macho na kwenye tundu la haja. Ukiona pia vijidoa vyeusi vilivyozama kwenye maji yake, hao ni utitiri, na bila kuchoma maranda na kulisugua sanduku zima kwa maji ya moto utakuwa unafanya kazi bure.

Akimaliza kula anapanua mdomo na taya zinakwenda upande. Zimeteguka? (Sikonge)

Anazipanga upya tu. Taya za chini za nyoka hazikuungana mbele kama zetu.

Chatu wangu anainua kichwa juu, mdomo nusu wazi, mapovu puani. Mwenzangu anasema ni ule ugonjwa wa kutazama nyota, hauna dawa. (Igunga)

Mwenzako amechanganya mambo mawili. Mwenye mapovu na sauti ya kukoroma ana maradhi ya mapafu: anainua kichwa kwa sababu hewa haipiti, na kukohoa kama sisi hawezi. Usiku wa Juni na Julai kwenye sakafu ya saruji unatosha kumletea. Mpashe joto upande mmoja wa sanduku, asibanwe na kuungua, kisha daktari aamue dawa. Wa kutazama nyota hana mapovu. Shingo inajipinda nyuma, na ukimgeuza chali anashindwa kujirudisha. Hali hiyo mara nyingine ni virusi visivyo na tiba, mara nyingine ni sumu ya dawa kama ile aliyotaka kupaka ndugu wa Kaliua. Mtenge na wenzake kwanza.

Nimeuziwa kifutu. Midomo imevimba na kuna alama kama za sindano. Muuzaji anasema ameshang'olewa meno, hana madhara. (Uyui)

Alama hizo ni za uzi. Walimshona mdomo ili watu wamshike kwenye maonyesho, wakafumua kabla ya kukuuzia. Uvimbe ni majeraha yaliyooza, na kwa hali hiyo hawezi kula. Meno nayo, kifutu ana ya akiba yaliyojipanga nyuma ya yale makubwa. Likitoka moja, jingine linashuka mahali pake, na tezi za sumu hazikuguswa na mtu. Huyo ana sumu leo hii. Usimfungue mdomo kutazama, usimhamishe kwa mkono. Funga kifuniko, weka jiwe juu, watoto wasikaribie, uwapigie maofisa wanyamapori wa wilaya waje wamchukue.