Nyaraka za Kuolewa na Mgeni: Anza na Ofisi Itakayozipokea

Mume wangu ni Mjerumani nami ni mzaliwa wa Tanga. Tulifunga ndoa ya bomani Dar es Salaam, kisha tukaisajili Ujerumani. Tangu hapo ndugu na marafiki wanaochumbiwa na wageni huniletea mafaili yao niyatazame, na ushauri wangu wa kwanza huwaudhi kidogo, kwa sababu huwaambia wasiende kwa wakili bado. Iandikieni kwanza ofisi itakayozipokea hizo nyaraka, iwe ni ofisi ya ndoa ya huku au ya huko ugenini, mkiitaka iwaorodheshee kwa maandishi hati inazozihitaji, lugha ya kila hati, umri ambao hati haipaswi kuuzidi, na ofisi ambayo muhuri wake unatakiwa kuonekana juu yake. Jibu likifika, lichapeni na kulitia mwanzoni mwa faili, maana karani mtakayemkuta dirishani huenda asiwe yule aliyewajibu.

Nasisitiza hilo kwa kuwa wengi wetu tunauamini mno muhuri. Wakili anapogonga muhuri wake kwenye kiapo chako hathibitishi kwamba hujaolewa; anathibitisha kwamba wewe, siku hiyo, mahali hapo, ulikula kiapo na kutia sahihi mbele yake. Wizara ya Mambo ya Nje nayo haimjui mchumba wako. Inathibitisha tu kwamba sahihi na muhuri ulio chini yake ni wa mtu mwenye mamlaka. Ubalozi unathibitisha muhuri wa Wizara. Kwa hiyo ngazi mojawapo ikirukwa, ofisi inayofuata haina cha kuthibitisha na itakurudisha ulikotoka. Nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa 1961 zimeufupisha mlolongo huo kwa cheti kimoja kiitwacho apostili, lakini nilipokuwa nikikusanya hati zangu Tanzania haikuwa mwanachama, na apostili ya mume wangu kutoka kwao haikuweza kuniondolea safari yangu ya kupanda ngazi.

Tofautisha pia hati za Serikali na hati za kiapo. Cheti cha kuzaliwa hakiapiwi. Ofisi nyingi za nje hazitaki nakala iliyogongwa muhuri na wakili kuwa ni nakala halisi, bali zinataka cheti chenyewe kilichotolewa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania Bara, na mara nyingi zinataka kihakikiwe na RITA kabla ya kupelekwa Wizarani. Kwa aliyezaliwa Zanzibar usajili una wakala wake, hivyo asipoteze nauli kwenda RITA. Na kama cheti chako umekipiga laminesheni, kama tulivyozoea kufanya ili kisiraruke, omba kingine mapema, kwa sababu juu ya plastiki hakuna ofisa atakayeweza kugonga muhuri wala kutia sahihi.

Jambo linalokwamisha mafaili mengi kuliko yote ni majina. Sisi hutumia jina letu, la baba na la babu, wakati ofisi za Ulaya zinatafuta jina la ukoo, na zikilikosa huchukua lile la mwisho liwe la ukoo hata kama ni la babu aliyefariki kabla hujazaliwa. Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, pasipoti inasema Fatma, kitambulisho cha NIDA kimeandika Saidi, cheti cha shule kimeandika Said, na cheti cha ubatizo au cha ndoa ya wazazi kina jina ambalo nyumbani hakuna anayelitumia. Kwetu huyo ni mtu mmoja na hakuna atakayeuliza. Kwa ofisa wa Standesamt, yaani ofisi ya usajili ya mji wa Kijerumani, hao ni watu wawili hadi ithibitishwe vinginevyo. Tandaza hati zako zote mezani, za wazazi zikiwamo, uzisome herufi kwa herufi pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Tofauti ndogo ya tahajia inaweza kutosha kuelezwa kwa kiapo cha majina, kinachotamka kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, ilimradi ofisi inayopokea imekubali. Anayetaka kulibadili jina lenyewe huandikisha hati ya kubadili jina, ile inayojulikana mitaani kwa jina la didipoli. Mimi binafsi napendelea kosa lirekebishwe katika cheti chenyewe, hata kama ni njia ndefu, kwa sababu kiapo cha majina utalazimika kukiambatisha kila mahali maisha yako yote.

Ukifika kwenye kiapo cha kutokuwa na ndoa, usome mpaka chini kabla ya kuondoka ofisini kwa wakili. Juu huwa kuna maneno yaliyozoeleka: mimi fulani, mtu mzima, dini fulani, mkazi wa mahali fulani, naapa na kusema kama ifuatavyo. Hapo makosa ni machache. Sehemu ya mwisho ndiyo ya kuangalia, pale wakili anapoandika kiapo kimeliwa wapi, tarehe gani, na kama anakufahamu mwenyewe au umetambulishwa kwake na mtu mwingine, anayetajwa kwa jina. Sheria inamtaka aandike mahali na tarehe, na mahakama zetu zimewahi kuvitupa viapo kwa upungufu wa sehemu hiyo. Hakikisha pia kwamba wakili ana leseni hai ya mwaka huo; Mahakama ina mfumo wa e-Wakili unaokuwezesha kumtafuta kwa jina. Karatasi zikishabanwa pamoja na kugongwa mihuri, usizibandue pini ili utoe kopi.

Aliyewahi kuolewa ana kazi zaidi. Talaka iliyoandikwa na shehe, hata kama imekamilika kidini, haitoshi peke yake kwa ofisi za nje; inatakiwa hati ya talaka ya mahakama, nayo hutanguliwa na shauri kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ujerumani inaweza kutaka talaka hiyo itambuliwe kwanza na mamlaka zake za haki kabla ya ndoa mpya. Mjane alete cheti cha kifo pamoja na cheti cha ndoa. Aidha, mnapofunga ndoa Tanzania Bara, fahamuni kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ndoa ya Kiislamu au ya kimila inachukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, na nyingine zote kuwa za mke mmoja, isipothibitishwa vinginevyo. Ofisi za uhamiaji za Ulaya huuliza, kwa hiyo lizungumzeni kabla ya kujaza fomu ya kusudio la ndoa.

Muda nao upangwe kuanzia mwisho. Huku kusudio la ndoa hutolewa angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Mjerumani anayeoa huku huomba Standesamt ya kwao cheti cha kuthibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa, nacho hudumu miezi 6 tu. Lakini ili wampe, ofisi hiyo hutaka kuona na hati za mchumba wake. Maana yake hati za Mtanzania ndizo zitangulie, hata kama arusi ni Mwanza. Tafsiri iachwe mwisho, mihuri yote ikiwa imekamilika, kwa kuwa mihuri nayo hutafsiriwa. BAKITA hutafsiri nyaraka, ila baadhi ya ofisi za Ujerumani hukubali tu mtafsiri aliyeapishwa kwao. Wapo wanaokimbilia Denmark, ambako Familieretshuset, ofisi ya serikali ya masuala ya familia, hutoa cheti cha kuruhusu ndoa kinachodumu miezi 4 na masharti yake ni mepesi zaidi. Sina ubaya nao, ila maombi ya kibali cha kuishi yatakapofika, cheti cha kuzaliwa kitaulizwa palepale.

Baada ya ndoa, kipelekeni cheti cha ndoa kwenye ngazi zilezile mgeni angali nchini, kwa sababu kosa likigunduliwa katika jina lake, atakayetakiwa na msajili ni yeye na pasipoti yake.