Miche ya nyanya imejaa sokoni Julai, usiikimbilie

Juzi msomaji mmoja wa Njombe, kule nyanda za juu kwenye baridi, kaniandikia: "Kaka, miche ya nyanya imeshaanza kuuzwa, niwahi kabla haijaisha?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe miaka mitatu iliyopita, nikajijibu vibaya.

Hesabu zangu zilikuwa tamu. Nyanya zikiingia sokoni kwa pamoja, tenga linauzwa bei ya kutupa. Nikasema safari hii natangulia mimi. Wiki ya kwanza ya Julai nikanunua trei 15 za mashimo 200, miche 3,000 kwa shilingi 80 mmoja, yaani Sh 240,000 taslimu. Ilikuwa mirefu, laini, mingine ina maua tayari, nikaona nimeuziwa na muda juu yake! Ilitoka kwenye kitalu cha nailoni huko kwenye joto, ikapanda gari mchana, jioni iko ardhini, bondeni kwangu karibu na mto. Mzee jirani akasimama mpakani, mikono mfukoni mwa koti. "Mwanangu, umeangalia mbingu?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba nina pampu, mvua ya nini.

Mzee wala hakuwa kwenye habari za mvua.

Usiku wa nne nyota zilijaa, hakuna wingu, hakuna upepo. Alfajiri maji ya ndoo yameshika utando wa barafu, na kila jani kama limenyunyiziwa chumvi. Jua lilipopiga, majani yakalegea, yakawa meusi kama mchicha uliosahaulika jikoni. Saa nne sikuwa na shamba. Mke wangu hakusema neno, akaanza kukusanya vijiti vya kuegemezea miche. Afadhali angesema.

Muuza miche anauza kwa sababu anayo. Simlaumu. (Namlaumu kidogo: nilimwambia shamba liko Njombe, akanitakia mavuno mema.) Na msidhani adui ni barafu peke yake. Usiku ukiwa chini ya nyuzi 10 nyanya inadumaa, majani yanakuwa ya zambarau kwa chini, na aliyepanda Septemba anakupita huku unamtazama. Kuwahi kupanda siyo kuwahi kuvuna, jamani!

Siku hizi nina kipimajoto nimekifunga kwenye mti kule kule shambani, siyo ukutani mwa nyumba, maana hewa ya baridi hutiririkia bondeni kama maji. Zisipopita siku saba mfululizo bila kushuka chini ya 10, sipandi, hata wanicheke. Mwaka jana nilingoja mpaka Septemba, nikapanda mteremkoni, na sikupoteza hata trei moja. Waliocheka walikuja kuniomba miche ya kuzibia mapengo.

Miche yenyewe chagua mifupi, shina nene, majani manne au matano, isiwe na ua. Chomoa mmoja utazame mizizi: myeupe, haijajizungusha. Ikifika nyumbani usiipande siku hiyo. Wiki nzima iache nje, kivulini kwanza halafu juani, maji kidogo kidogo. Pandia jioni.

Msomaji wangu kajibu kwamba ameshalipa nusu. Basi mwombe muuzaji akutunzie. Akikataa, ihamishie kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche, mchana nje, usiku ndani. Miche 500 inawezekana. Ikifika 3,000, tafuta na wa kukukanda mgongo.